Vyeupe kwa Fahima, Vyekundu Kwangu

Bi Mwanahamisi mpendwa,

Assalaam aleikum. Mimi ni msomaji wako wa huku Minjila, karibu na Garsen, gazeti lako hunifikia likiwa limeshafungiwa sukari dukani lakini nalisoma hivyo hivyo, na leo nimeshika kalamu kwa sababu nisipokuandikia wewe sijui nitamwambia nani, huku kila nikifungua mdomo watu wanarudi nyuma. Mwandiko uniwie radhi, kusoma nilijifunza kwenye ngumbaru nikiwa tayari mama wa watoto. Nakuomba unisaidie upesi, na jina langu usilitaje.

Bi Mwanahamisi, nimemwomba mume wangu talaka mbele za watu, mara ya kwanza mbele ya wageni wake na mara ya pili mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa watu wakitoka kuswali, na talaka yenyewe siitaki. Siitaki kabisa. Komora nimeishi naye tangu sina unywele mweupe hata mmoja, hanipigi, hanitukani, akipata kitu anakileta nyumbani, na sasa amenyamaza tu, neno aliloniambia ni hili, "Mama Hamdi, umesema mara mbili. Mpunga ukishavunwa wazee watakaa, na mbele yao utasema la tatu au utanyamaza." Mpunga umeanza kukauka, ndege wanauonja kila asubuhi, na mimi sijui siku hiyo mdomo wangu utasema nini kwa sababu siku hizi mdomo huu si wangu.

Ngoja nianze mwanzo, maana naona nakimbia.

Hedhi yangu ilikoma, na hilo halikunisumbua, nilishukuru, lakini nyuma yake likaja joto. Si joto la Garsen, la Garsen nimelizoea, hili latoka ndani, laanza kifuani lapanda shingoni mpaka masikioni, niko jikoni, niko shambani, niko matangani nimejifunika buibui, mara naroa jasho chapachapa, kisha baridi. Usiku silali. Nilikuwa nalala mkekani nje na mbu wakinimaliza, na zile mvua za Elinino zilikuwa zimetutoa kule mtoni tukaacha migomba yetu yote chini ya maji, kwa hiyo nilidhani ni majonzi tu, ni kuhama, ni mbu. Binti yangu Hamdi, aliyeolewa Malindi, alipokuja kunitazama akasema, "Mama, hii si mbu. Twende ukaonwe na daktari wa kina mama."

Nikaenda, na safari yenyewe unaijua, basi haliondoki mpaka askari wa kulisindikiza wafike. Daktari sina ubaya naye. Alinipima, akanieleza kwamba mwili ukifika umri huu kuna homoni unaacha kuzitengeneza na joto latoka huko, akanipa pakiti za nusu mwaka, ndani yake vidonge safu mbili, vyeupe juu na vyekundu chini. Akasema, "Mama, anza na vyeupe, kimoja kila siku, vikiisha ingia vyekundu, usiruke, na usimpe mtu." Hamdi akanirudilia yote kituoni kabla sijapanda basi, nikamwambia nimesikia.

Pakiti ya kwanza niliimeza kama nilivyoambiwa. Joto likapungua, nikalala usiku kucha, Komora akawa ananitania kwamba sasa nakoroma kumshinda. Nilipoingia vyekundu niliona matiti yanauma na machozi yako karibu, siku moja nililia kwa sababu kuku alikanyaga unga, lakini nilipoanza vyeupe vya pakiti ya pili nikarudi kuwa mimi, nikasahau.

Sasa lazima nikueleze nyumba yetu ama sivyo hutanielewa. Tuko wake wawili. Mwenzangu ni Fahima, ni mdogo kwangu kwa miaka michache tu, na alipoolewa watu walikaa wakingoja tung'oane nywele, hatukung'oana. Sababu ni Komora. Mama yake aliteseka sana katika mitala, kwa hiyo yeye aliapa kwamba ndani ya nyumba yake hakuna kitu cha mmoja. Samaki akija anakatwa kati, mche wa sabuni unakatwa kati, leso ikinunuliwa ni pea moja, mimi kipande na yeye kipande, na sharti lake ni kwamba mmoja anagawa na mwingine anachagua kwanza, ili anayegawa asijipendelee. Tumeishi hivyo miaka na miaka bila kelele, hata majirani wakigombea kitu humleta Komora awasimamie.

Fahima hedhi yake ilikoma kitambo, hata kabla ya yangu, na joto likamshika yeye pia. Akawa ananiona mimi nalala na yeye yuko nje anajipepea na kifuniko cha sufuria. Hakuniomba, aliniangalia tu, na Komora akamwona anavyoniangalia. Tukiwa tunakula akasema, "Mama Hamdi, hiyo dawa ya Malindi mbona ina mtu mmoja?" Nikamwambia daktari amekataza. Akasema, "Daktari haijui nyumba hii. Kagawe." Na mimi sikubishana sana, Bi Mwanahamisi, maana kusema kweli niliona haya kulala na mwenzangu halali.

Nikaleta mkasi wa kushonea. Nikazikata pakiti zote katikati, safu ya juu huku, safu ya chini huku, rangi nikadhani ni mapambo tu kama ya peremende, peremende ni ile ile. Nikaweka mafungu mawili kwenye sinia. Fahima akachagua kwanza kama ilivyo sharti, akachukua vyeupe, akasema, "Dada, nachukua hivi, vinaonekana visafi." Vyekundu vikabaki kwangu. Komora akatuangalia akaridhika, akaenda zake msikitini.

Toka hapo sijawa mtu. Naamka nimeshakasirika kabla sijajua nimekasirikia nini. Komora akitafuna nayasikia meno yake mpaka ndani ya kichwa. Redio yake niliitumbukiza kwenye pipa la maji habari zikiwa bado zinasomwa. Nalia nikitwanga, nalia nikipepeta, nimelia nikimsikiliza mtu anamwelekeza mwenzake njia ya kwenda Hola. Mwili umevimba, kichwa kizito, na nikiona siku imenizidi nameza viwili, nikidhani dawa ni ndogo, na kesho yake ndiyo inakuwa mbaya zaidi.

Wageni walipokuja, Komora akanisifu mbele yao, akasema wake zangu hawa wanaishi kama ndugu, maneno ambayo huyasema kila mara na mimi huwa nacheka, siku hiyo nikamwambia, "Basi niache mimi, ubaki na huyo ndugu." Wageni wakaangalia sahani zao. Na kule msikitini kosa lake lilikuwa amesahau chumvi. Chumvi tu, Bi Mwanahamisi. Nilimfuata mpaka mlangoni nikamdai chumvi, na nilipoona haya ya chumvi nikamdai talaka.

Wifi yangu anasema nina pepo, ameshamtafuta fundi wa kupunga, na fundi ameshataka mbuzi mweusi. Komora hakukataa wala hakukubali.

Na sasa niseme linalonichoma zaidi. Fahima amechanua. Analala, anaimba, anapaka hina. Tena hedhi yake imemrudia, mwanamke aliyekuwa ameshakoma, na si ya kidogo, ni nzito, kila nikienda mtoni namkuta anafua vitambaa na anacheka, anasema, "Dada, mimi nimerudi usichana, labda nitamzaa wa kufunga mlango." Juzi alishindwa kubeba ndoo, akaketi chini akasema ni kizunguzungu, na Komora akamkimbilia kumbebea, mimi ndoo yangu nikajibebea. Nikawaza usiku huo kwamba labda vile vidonge vyangu alivifanyia kitu kabla sijavishika, maana vipi dawa moja, pakiti moja, yeye impe ujana na mimi inipe wazimu?

Nishauri, Bi Mwanahamisi. Nikubali ngoma ya kupungwa pepo? Nimdai Fahima tubadilishane mafungu? Au ninyamaze wazee wakae, niachwe, niende kwa Hamdi nikakae na aibu yangu? Mpunga unakauka.

Ni mimi mke mkubwa aliyechoka,
Minjila.

Bi Mwanahamisi anajibu:

Mke mkubwa, waaleikum salaam. Jina lako sijalitaja na majina ya watu wako nimeyabadilisha yote, kwa hiyo majirani wa Minjila msianze kuchunguliana. Ila wewe bibi hukuniwekea sanduku la posta wala simu ya duka lolote, na jambo lako halingoji, kwa hiyo wiki hii barua za wengine nimezisukuma kando. Wenye barua hizo mtanivumilia.

Huna pepo. Mwambie wifi yako fundi aende kwake na mbuzi abaki zizini.

Ulicho nacho ni mkasi. Daktari alikwambia usimpe mtu, Hamdi akakurudilia kituoni, ukasema umesikia, kisha ukaenda nyumbani ukaleta mkasi. Mimi nimefanya unesi miaka mingi kabla ya kuja kukaa kwenye hili gazeti, nimeona watu wakigawana miwani, nimeona mtu akimpa mkewe dawa ya ng'ombe, lakini pakiti ya homoni iliyokatwa kwa haki kamili, mgawaji akingoja na mchaguaji akitangulia, hiyo ni mpya kwangu. Nilicheka, nakiri. Halafu nikafika pale pa Fahima nikaacha kucheka, na hapo tutapafikia.

Rangi si mapambo. Nimemuuliza daktari wa kina mama ninayemwamini hapa Mombasa, usije ukasema nimejitungia. Katika dawa kama hiyo, vyeupe vina homoni ya kwanza, ile ya kuondoa joto. Vyekundu ndivyo vinavyoleta homoni ya pili, na ya pili kazi yake ni kumlinda mwanamke tumboni, kwa sababu ya kwanza ikiachwa peke yake inaukuza utando wa ndani ya kizazi na hakuna wa kuuzuia. Wewe ni mkulima, utanielewa. Vyeupe vinaotesha, vyekundu vinapalilia. Mwenzio ulimwachia mbegu zote na wewe ukabaki na jembe.

Na hiyo homoni ya pili, kuna wanawake haiwakubali. Inawajaza maji, inawapa machozi na hasira zisizo na kichwa wala miguu. Si uongo, si deko, na si tabia yako mbaya iliyokuwa imejificha. Ulijiona mwenyewe katika pakiti ya kwanza, ukiingia vyekundu machozi yanakaribia, ukirudi vyeupe unarudi kuwa wewe. Ulikuwa umeshapata jibu na ukalisahau. Kisha ukameza vyekundu kila siku bila mapumziko, na siku mbaya ukameza viwili. Mama we, hata mimi ningetumbukiza redio.

Kwa hiyo acha kumeza hivyo vyekundu peke yake, leo. Usimdai Fahima mbadilishane, maana mkibadilishana yeye ndiye atakayedai talaka na wewe utabaki na hatari yake. Kusanya mabaki yote, yako na yake, tia kwenye mfuko mmoja na urudi kwa daktari yule yule. Usione haya kumwambia ulichofanya. Mwambie wazi kwamba vyekundu vinakuharibu moyo, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia, chumvi na redio na yote, usije ukafika mbele yake ukasema "kichwa kinauma kidogo" kama mfanyavyo wengi wenu mkiona koti jeupe. Ana la kufanya. Anaweza kukubadilishia aina, anaweza kupunguza kipimo, anaweza kupanga siku upya, au mkakubaliana dawa uiache na joto ulikabili kwa njia nyingine. Asipojua hatafanya lolote.

Na ukishapangiwa upya, siku nzito zinaweza bado kukuzuru. Zikija, watangazie wa nyumbani asubuhi kabla hazijakutangaza zenyewe. Sema, "Leo siko sawa, msinisemeshe sana." Chai ya rangi punguza, hasa ya usiku. Toka utembee jua likipoa. Na siku hiyo usiamue jambo lolote kubwa kuliko kupika nini. Lakini vilevile usimbebeshe kidonge kila chozi. Mlipoteza migomba na mkahama, na sijaona mahali popote kwenye barua yako mlipoketi mkalia hilo. Lile chozi ni lako, lilie kwa raha zako.

Sasa talaka. Umeomba mara mbili, na kuomba ni kuomba. Mwenye kuitoa ni Komora na hajaitoa, kwa hiyo mpaka dakika hii wewe ni mke wa mtu. Usingoje wazee. Mtu anayekaa kimya miezi hii yote, redio yake ikiwa kwenye pipa, hatafuti kukuacha, anatafuta kujua umepatwa na nini. Nenda ukamwambie. Mwambie, "Baba Hamdi, talaka siitaki, dawa niliyogawa imeniharibu, na ninarudi kwa daktari." Maneno hayo ni machache na huhitaji baraza kuyasema. Kama ni lazima wazee wakae, basi Komora ayatangulize mwenyewe kwao, kwa sababu neno lako lilitoka mbele za watu na ni haki yako lirudi mbele za watu.

Na wewe Komora, najua ukurasa huu utasomewa hata kama si mpenzi wa magazeti. Nakuheshimu. Wanaume wenye wake wawili wanaoniandikia hapa, ningekuwa na kumi kama wewe ningefunga safu hii nikapumzike. Lakini sabuni ni sabuni, ndugu yangu, na mwili ni mwili. Mmoja wa wake zako akivunjika mguu utamfunga huyu bandeji nusu na yule nusu? Haki ilikuwa kumpeleka Fahima akaonwe naye, kwa nauli ile ile na askari wale wale wa kusindikiza basi. Uliona anavyojipepea, ukaona anavyomwangalia mwenzake, una jicho zuri, lakini ukalitumia kukagua mafungu kwenye sinia.

Mke mkubwa, sasa nirudi kwako, na hili nimeliweka mwisho ili libaki masikioni.

Umeniandikia kwamba Fahima amechanua. Umeandika kwa wivu, sikulaumu, ungekuwa umelala vizuri usingeandika hivyo. Lakini soma tena ulichoandika, usome kama mtu asiyemwonea wivu. Mwanamke aliyekoma hedhi kitambo, anameza vyeupe kila siku bila vyekundu, sasa anatoka damu, na damu ni nyingi, na juzi ameketi chini kwa kizunguzungu akashindwa na ndoo. Hiyo si hedhi iliyomrudia. Hakurudi usichana na hatamzaa wa kufunga mlango. Mwanamke akishakoma, damu ikija tena, iwe tone au iwe ndoo, haichekewi, inapelekwa hospitali ikapimwe. Huenda ni utando tu uliokua kupita kiasi na utatibika upesi. Huenda ni kingine. Mimi sijui, wewe hujui, na yeye anayeimba mtoni ndiye asiyejua kabisa.

Hakukuroga. Alichagua vyeupe kwa sababu vilionekana visafi, na wewe ulivikata kwa sababu uliona haya kulala na yeye halali. Katika barua yako yote, hapo ndipo nilipokujua wewe ni mtu gani. Kwa hiyo usimtume mtu akamwambie, wala usimwachie Komora, wala usingoje mpunga. Ndege na waule huo mpunga. Aanue vitambaa vyake kambani, aache hivyo vyeupe, na kama damu imezidi au kizunguzungu kimerudi msihangaike na Malindi, pandeni chochote kitakachopita mpaka hospitali iliyo karibu, akaonwe kwanza huko.

Safari hii ndoo yake mbebee wewe. Kisha mwambie avae buibui, mnaondoka.